Kilele na Kima cha Chini: Uhakiki wa Lugha ya Kasi katika Kadi za Kumbukumbu na Video za Utafiti

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kueleza mambo mawili ambayo mtafiti anayekwenda uwandani na kamera ya dijitali hana budi kuyaelewa: wingi wa data ambao kamera huzalisha kila sekunde inaporekodi video, na kasi ambayo kadi ya kumbukumbu inaweza kuupokea wingi huo. Hoja kuu ni kwamba maandishi ya kadi huuza kilele, ilhali kamera inahitaji kima cha chini. Na kwamba Kiswahili tunachotumia kuyafasiri maandishi hayo, kwa kutegemea maneno "kasi", "spidi" na "kiwango" pasipo kuyapambanua, huongeza utata badala ya kuuondoa. Makala yanasoma uso wa kadi kama matini, yanachambua mkanganyiko wa biti na baiti, yanahakiki istilahi "kiwango cha biti", kisha yanaonyesha gharama ya utata huo katika ununuzi wa vifaa na uhifadhi wa data. Mwishowe yanapendekeza istilahi nne na utaratibu wa kuandika sifa za vifaa unaoweza kutumiwa na taasisi za utafiti katika eneo letu.

Istilahi muhimu: mtiririko wa biti, kima cha chini cha kuandika, kadi ya kumbukumbu, fasihi simulizi, istilahi za kiteknolojia

1. Utangulizi

Utafiti wa fasihi simulizi, isimu ya uwandani na historia ya masimulizi katika eneo letu umehama kutoka kinasa sauti cha kaseti kwenda kwenye kamera ya dijitali. Kuhama huko kumeleta faida isiyo na shaka. Leo tunaweza kuchunguza ishara za mkono wa fanani, mwitiko wa hadhira na hatua za wachezaji, mambo ambayo kaseti haikuyaona. Hata hivyo, kumeleta pia hatari ya namna mpya. Kaseti ilipochakaa, sauti ilififia, lakini kitu kilibaki cha kusikiliza. Kamera ambayo kadi yake haiwezi kuhimili data inayoletewa haififii: husimama. Ujumbe mfupi hutokea kwenye kioo, kurekodi kunakatika, na fanani aliye katikati ya utendi hana sababu ya kusubiri.

Hatari hii kwa kawaida huchukuliwa kuwa suala la mafundi. Makala haya yanaiona pia kuwa suala la lugha. Mtafiti aliyenunua kadi isiyofaa mara nyingi hakukosa fedha wala bidii. Alisoma namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa, akaielewa kadiri lugha aliyopewa ilivyomruhusu kuielewa. Kwa hiyo uhakiki una kazi ya kufanya hapa. Tunaazima kutoka kwa Wolfgang Iser, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi, wazo kwamba kila matini humdokeza msomaji wake na huacha mapengo ambayo msomaji huyo hutarajiwa kuyajaza. Swali letu ni hili: maandishi ya kadi ya kumbukumbu yanamdokeza msomaji gani, na msomaji wa Kiswahili huyajaza mapengo yake kwa maneno gani?

Swali hilo lina uzito wa kisera. Uganda iliitambua lugha hii katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, Rwanda ikaifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo katiba yake ya mwaka 2006 inaitaja miongoni mwa lugha zake za taifa, ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lugha inayopewa hadhi ya namna hiyo inatarajiwa kubeba miongozo ya utafiti, nyaraka za zabuni na mafunzo ya vifaa. Isipoweza kutofautisha kasi moja na nyingine, hadhi hiyo itabaki kwenye karatasi.

2. Uso wa kadi kama matini

Kadi ya SD ina urefu wa milimita 32 na upana wa milimita 24. Katika eneo hilo dogo hubanwa alama nyingi kuliko zinazopatikana katika ukurasa mzima wa kitabu cha mwongozo. Tuchukue kadi ya aina inayopatikana sana madukani. Ina jina la mtengenezaji, ujazo wa GB 64, namba "170 MB/s", herufi SDXC, tarakimu ya Kirumi I, herufi C yenye 10 ndani yake, herufi U yenye 3 ndani yake, na alama V30. Katika kadi ndogo za microSD huongezwa A1 au A2.

Alama hizi hazikubuniwa siku moja. Muungano unaosimamia viwango vya kadi za SD uliundwa mwaka 2000 na kampuni za Matsushita, ambayo leo huitwa Panasonic, SanDisk na Toshiba. Kadiri kamera zilivyodai zaidi, muungano huo uliongeza tabaka jipya la alama bila kuyafuta ya zamani. Kwanza zilikuja daraja za herufi C: 2, 4, 6 na 10. Kila namba inataja megabaiti ambazo kadi inaahidi kupokea kila sekunde bila kushuka chini yake. Kisha zikaja U1, yenye ahadi ya megabaiti 10, na U3, yenye ahadi ya megabaiti 30. Mwaka 2016 ikaongezwa familia ya V kwa ajili ya video: V6, V10, V30, V60 na V90, ambapo namba ndiyo ahadi yenyewe kwa megabaiti. Herufi A inahusu kitu kingine: uwezo wa kadi kuendesha programu za simu, ambako vipande vidogo vidogo vya data husomwa na kuandikwa bila mpangilio. Tarakimu I au II nayo haitaji daraja la kadi bali kizazi cha njia inayounganisha kadi na kifaa. Njia ya kizazi cha I ina ukomo wa megabaiti 104 kwa sekunde, na ya kizazi cha II ukomo wa 312.

Msomaji makini ataona mambo matatu. La kwanza ni urudiaji. C10, U1 na V10 zinaahidi kitu kimoja, na U3 na V30 vilevile. Alama tatu zilizopangwa kwa safu zinaonekana kama sifa tatu, kumbe katika kadi tuliyoichukua ile ya U na ile ya V zinasema jambo moja kwa sauti mbili, na ile ya C inasema jambo dogo zaidi. La pili ni ukinzani. Kadi hiyo hiyo inayotaja 170 MB/s inabeba tarakimu I, yaani njia ambayo ukomo wake rasmi ni 104. Ukinzani huo una maelezo: mtengenezaji hufikia 170 kwa utaratibu wake mwenyewe, katika kifaa maalumu cha kusomea kinachouelewa utaratibu huo. Lakini maelezo hayo hayapo usoni mwa kadi. Mtafiti anayeingiza kadi katika kamera yake hana njia ya kuipata namba aliyoinunua.

La tatu, na ndilo zito zaidi, ni ukimya. Namba 170 ni ya kusoma, si ya kuandika. Inahusu kazi ya kunakili data kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta baada ya tukio kwisha. Tena ni namba ya kilele. Neno linalopaswa kuitangulia ni "hadi", na mara nyingi hilo huonekana kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti, kama linaonekana kabisa. Kiswahili kinaujua vizuri uzito wa neno hilo. Mfanyakazi anayeambiwa atalipwa "hadi shilingi laki tano" hatatia saini mkataba kabla ya kuuliza kima cha chini ni kipi. Mnunuzi wa kadi hupewa kilele kwa herufi nene na kima cha chini kwa alama ndogo iliyofichwa katika herufi V. Msomaji anayedokezwa na matini hii si mtafiti anayerekodi tambiko mara moja tu. Ni mteja anayelinganisha namba mbili rafuni na kuchukua iliyo kubwa.

Utamaduni huu wa kutaja kilele una historia yake. Kwa muda mrefu baadhi ya kadi ziliandikwa namba kama 633x. Herufi x hapo ina maana ya mara ngapi ya kilobaiti 150 kwa sekunde, yaani kasi ya viendeshi vya kwanza vya diski za CD. Hesabu ikifanywa, 633x ni takriban megabaiti 95 kwa sekunde. Hakuna video iliyorekodiwa kwa kipimo hicho. Kilichopatikana ni namba kubwa.

3. Biti, baiti na herufi moja

Mkanganyiko wa pili unazaliwa pale namba ya kadi inapokutana na namba ya kamera. Kadi hutaja megabaiti kwa sekunde. Kamera hutaja megabiti kwa sekunde. Baiti moja ina biti 8. Wazee wetu walijua kwamba pishi moja ni vibaba vinne, na mchuuzi aliyetaja bei ya kibaba akapima kwa pishi angefilisika kabla ya jua kutua. Hapa tofauti ni mara nane, na mnunuzi hana kipimo cha kushika mkononi.

Tuangalie kamera inayorekodi picha ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, namba ya kawaida katika kamera za watu wa kada ya kati. Megabiti 100 ni megabaiti 12.5. Kadi yenye ahadi ya V30 inatosha zaidi ya mara mbili. Mtafiti anayesoma "100" kama megabaiti ataona kwamba hata V90 haimtoshi, na atatumia fedha za mradi kwa kadi ghali ambayo kamera yake haina haja nayo. Sasa tugeuze mfano. Panasonic GH5, kamera iliyotoka mwaka 2017, ilipata kwa sasisho la programu uwezo wa kurekodi kwa megabiti 400 kwa sekunde. Hizo ni megabaiti 50. Kadi ya V30, hata ikiwa imeandikwa 170 MB/s kwa herufi za dhahabu, haijaahidi kuzipokea. Inayotakiwa ni V60. Kosa la kwanza hupoteza fedha. Kosa la pili hupoteza tukio.

Kwa Kiingereza tofauti ya vipimo hivi viwili hubebwa na ukubwa wa herufi moja: b ndogo kwa biti, B kubwa kwa baiti. Huo ni msingi dhaifu, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo hazisikiki zinapotamkwa, na katika ujumbe wa simu, risiti na mabango ya maduka hazizingatiwi. Kiswahili kimechukua maneno yote mawili, biti na baiti, na katika matamshi yanatofautiana bila shida. Tunaipoteza faida hiyo tunapoandika kwa ufupisho wa Kiingereza na kusoma "MB" kwa vyovyote iwavyo.

Hapa nchi zetu jirani zina somo la kutoa. Mtafiti wa Bujumbura, Goma au Bukavu aliyezoea nyaraka za Kifaransa hukutana na vipimo viwili vyenye majina yaliyo mbali kabisa. Baiti kwa Kifaransa huitwa "octet", neno linalobeba namba nane ndani yake, na ufupisho wake ni o. Kwa hiyo kadi hutajwa kwa Mo/s na kamera kwa Mbit/s. Ni vigumu kuvichanganya. Hatupendekezi Kiswahili kiache neno baiti ambalo limekwisha kuzoeleka. Tunachosema ni kwamba msomaji wa Kongo au Burundi anapohamia kwenye mwongozo wa Kiswahili ulionakili vifupisho vya Kiingereza, anapoteza uwazi aliokuwa nao. Kiswahili cha kikanda hakipaswi kumrudisha nyuma msomaji wake.

4. "Kiwango" ambacho si kiwango

Namba inayotajwa na kamera kwa kawaida hufasiriwa "kiwango cha biti". Tafsiri hiyo ni sahihi kisarufi na inapotosha kimaana. Katika Kiswahili cha leo, "kiwango" kimebeba pia maana ya ubora: tunasema kazi ya kiwango, mchezaji wa kiwango, bidhaa iliyo chini ya kiwango. Kwa hiyo msomaji anayeambiwa kwamba kamera ina "kiwango cha juu cha biti" ameshaambiwa, bila mwandishi kukusudia, kwamba picha yake ni bora. Namba inayopima wingi inageuka kuwa sifa.

Ukweli una sura nyingi zaidi. Picha ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160. Tukihesabu biti 24 kwa kila pikseli na fremu 25 kwa sekunde, tunapata takriban biti bilioni 5 kila sekunde. Kamera inayoandika megabiti 100 imebakiza sehemu moja kati ya hamsini. Swali la ubora basi si biti ngapi zimebaki tu, bali zimechaguliwa namna gani. Kodeki ya H.265, iliyokamilishwa mwaka 2013, hubana kwa ustadi zaidi kuliko H.264 ya mwaka 2003; kwa hiyo megabiti 50 za kodeki mpya zinaweza kulingana na megabiti nyingi zaidi za ile ya zamani. Vilevile, kuna kamera zinazobana kila fremu peke yake, na kuna zinazohifadhi fremu moja kamili kisha kueleza zile zinazofuata kwa kutaja kilichobadilika tu. Njia ya pili hutumia biti chache mno pale ambapo machache yanabadilika.

Hapo ndipo somo la utafiti linapoingia. Bibi anayesimulia ngano akiwa ameketi mbele ya ukuta habadilishi sehemu kubwa ya picha. Ukuta ni ule ule, kiti ni kile kile. Kinachosogea ni midomo, macho na mikono. Megabiti 28 kwa sekunde katika picha ya HD zinamtosha. Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014, ni jambo jingine. Wapigaji wengi wanaruka kwa pamoja, vumbi linatimka, majani ya miti nyuma yao yanatikisika, na karibu kila pikseli inabadilika katika kila fremu. Kamera inayobana kwa kutaja mabadiliko inakuta kila kitu ni mabadiliko. Biti zikiwa chache, picha huvunjika vigae vigae, na mtafiti wa miondoko hupoteza kile alichokifuata. Kwa hiyo wingi wa biti haupimi ubora kwa ujumla. Unapima kama kamera imepewa nafasi ya kutosha kueleza tukio lile mahususi.

Tunapendekeza istilahi "mtiririko wa biti". Kifaransa kimechagua njia hiyo hiyo kwa neno "débit", ambalo hutumika pia kwa maji ya mto. Mto mkubwa si mto bora. Ni mto unaobeba maji mengi kwa wakati mmoja, na swali la kwanza ni kama mfereji ulioandaliwa unaweza kuyabeba. Inaweza kupingwa kwamba neno hili liko karibu mno na "kutiririsha", linalotumika kwa kurusha video mtandaoni. Ukaribu huo si tatizo. Anayetiririsha video anahitaji pia kujua mtiririko wake una megabiti ngapi, na dhana ni ile ile.

5. Nani anaandika, nani anaandikiwa

Maneno "kasi ya kuandika" yamezoeleka, nasi hatuoni haja ya kuyaondoa. Lakini yanaficha mtenda. Kamera ndiyo inayoandika, kadi huandikiwa. Viambishi vya kitenzi cha Kiswahili vinatuwezesha kusema hivyo bila kuongeza hata neno moja, na tofauti hii ndiyo inayofafanua kwa nini kurekodi hukatika.

Kati ya kamera na kadi kuna bafa, hifadhi ndogo ya muda. Inafanya kazi kama pipa lililowekwa chini ya bomba la paa wakati wa mvua, lenye koki ya kutolea maji kwenda shambani. Koki ikilegea kwa muda mfupi, pipa hujaa kidogo na hakuna kinachomwagika. Ikilegea kwa muda mrefu huku mvua ikiendelea, pipa hufurika. Kamera haikubali kufurika. Hufunga bomba, yaani huacha kurekodi. Kadi za kumbukumbu nazo zina tabia ya kulegea. Data huandikwa humo katika kurasa ndogo, lakini hufutwa katika bloku kubwa zaidi. Kadi iliyotumika na kufutwafutwa mara nyingi hulazimika kuhamisha data ya zamani ili kupata nafasi, na katika kipindi hicho upokeaji wake hushuka.

Kwa sababu hiyo, hata wastani wa kasi hautoshi kama kigezo. Kadi inaweza kuwa na wastani wa megabaiti 60 na bado ikashuka hadi 8 kwa sekunde kadhaa, muda unaotosha kulijaza pipa. Kinachomlinda mtafiti ni ahadi kwamba kadi haitashuka chini ya namba fulani, na hiyo ndiyo maana ya V30 au V60. Ahadi yenyewe ina masharti: inatarajia kadi ifomatiwe kwa utaratibu wa viwango, na kamera iandike kwa kuufuata. Ndiyo maana mafundi husisitiza kadi ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe, badala ya faili kufutwa moja moja kwenye kompyuta.

Istilahi inayofaa ipo tayari mdomoni mwa kila mwananchi: "kima cha chini". Tunaijua kutoka kwenye mishahara, na tunajua kwamba kima cha chini kina nguvu ya sheria, ilhali kilele ni matumaini. "Kima cha chini cha kuandika" ni usemi ambao hata asiye fundi anauelewa mara moja, na unamfundisha aulize swali sahihi dukani.

6. Gharama ya lugha isiyopima

Orodha ya vifaa inayosema "kadi ya kumbukumbu, GB 64, yenye kasi kubwa" imetaja jambo moja tu linalopimika. Mzabuni anayeleta kadi ya kilele cha 170 na mzabuni anayeleta kadi ya kima cha chini cha 10 wote wameitimiza. Kamati ya ununuzi haina msingi wa kumkataa yeyote, na kwa kawaida itachagua bei nafuu. Anayelipa tofauti ni mtafiti aliye kilomita mia tatu kutoka mjini. Sifa iliyoandikwa "kima cha chini cha kuandika: megabaiti 30 kwa sekunde (V30)" haigharimu chochote zaidi, na inampa mkaguzi kitu cha kuangalia.

Gharama ya pili iko kwenye uhifadhi. Mtiririko wa megabiti 100 huzalisha gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya GB 64 hujaa baada ya dakika zisizozidi 85. Mradi wenye saa 40 za kurekodi unahitaji gigabaiti 1,800, na kwa nakala tatu, ambazo ni desturi njema ya uhifadhi, 5,400. Mradi huo huo kwa megabiti 28 unahitaji takriban gigabaiti 500 kwa nakala moja. Uamuzi unaofanywa kwa kubofya kitufe kimoja kwenye kamera ni uamuzi wa bajeti ya maktaba kwa miaka mingi ijayo. Mshauri wa sera anayedai kila kitu kirekodiwe kwa "kiwango cha juu kabisa" ametoa agizo la fedha bila kujua.

Gharama ya tatu ni ya kipaumbele. Sauti isiyobanwa ya kilohezi 48, biti 24 na njia mbili, ina mtiririko wa megabiti 2.3 tu kwa sekunde, takriban gigabaiti moja kwa saa. Kadi yoyote yenye daraja inaipokea bila taabu. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi na isimu, sauti hiyo ndiyo ushahidi mkuu: ndiyo inayobeba toni, kituo na wizani. Lugha inayolinganisha kamera kwa wingi wa biti za picha humsahaulisha mnunuzi kwamba maikrofoni nzuri na kinasa sauti cha pembeni vingemfaa zaidi kuliko kuongeza megabiti 200 za picha. Kinasa sauti hicho ni bima pia: kadi ya kamera ikikwama, masimulizi hayapotei.

Mwisho kuna kadi bandia, ambazo hubeba alama zote tulizozichambua bila kuwa na sifa hata moja. Baadhi hujitangaza kuwa na ujazo mkubwa kuliko zilio nao, na data inayozidi ujazo halisi hupotea kimya kimya. Hapa uhakiki wa matini unafika ukomo. Maandishi hayawezi kujithibitisha yenyewe. Dawa ni kuipima kadi kabla ya safari, kwa programu kama H2testw au F3 zinazoijaza kadi na kuisoma tena, kisha kurekodi kwa mtiririko uliokusudiwa mpaka kadi ijae.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba maandishi ya kadi za kumbukumbu yamepangwa ili kumpa mnunuzi kilele na kumfichia kima cha chini, na kwamba Kiswahili chetu cha kiufundi, kwa kutumia "kasi" na "kiwango" kwa kila kitu, kimekuwa msaidizi wa mpangilio huo. Kanuni ya istilahi ya dhana moja kwa neno moja inadai tutenganishe. Tunapendekeza istilahi nne: mtiririko wa biti, kwa wingi wa data unaotoka kwenye kamera kila sekunde, kima cha chini cha kuandika, kwa ahadi ya kadi isiyoshuka, kilele cha kuandika, na kilele cha kusoma, kwa namba zinazotanguliwa na "hadi".

Kwa taasisi za utafiti na ofisi za ununuzi, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vipimo viandikwe kwa maneno kamili, megabiti au megabaiti, na ufupisho usitumike peke yake katika nyaraka za zabuni. Pili, kila pendekezo la mradi litaje mtiririko wa biti uliochaguliwa na sababu yake kwa kuzingatia kinachorekodiwa, pamoja na hesabu ya hifadhi inayotokana nao. Tatu, kadi ichaguliwe kwa kugawanya mtiririko wa kamera kwa nane na kutafuta kima cha chini kinachozidi jibu hilo kwa nafasi ya kutosha. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nyuma ya bahasha.

Kwa vyombo vya kukuza Kiswahili katika nchi wanachama, jambo ni kubwa kidogo kuliko kadi. Istilahi nyingi za teknolojia hutufikia zikiwa zimeshavaa nia ya muuzaji. Anayezifasiri neno kwa neno huifasiri na nia hiyo. Kazi ya mwanaistilahi ni kuuliza neno linampimia nani, na kwa kipimo gani, kabla ya kuliingiza katika kamusi. Masimulizi ya wazee wetu yanayosubiri kurekodiwa hayana toleo la pili. Lugha tunayoandikia orodha ya vifaa ni sehemu ya vifaa vyenyewe.